Kuacha au Kusimama? Miaka Thelathini na Minne ya Dada Taipu

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mpiga chapa wetu mkuu atazima mashine yake kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ya siku ni yake mwenyewe. Mimi niliandika "takriban miaka thelathini na minne," akanirudishia karatasi ikiwa na mstari chini ya neno "takriban" na alama ya kuuliza pembeni.

Wote tunamjua kwa jina la Dada Taipu. Alilipata wiki yake ya kwanza kazini kutoka kwa wafagizi wa zamu ya asubuhi, akiwa na miaka ishirini na sita, na limemganda mpaka leo. Tuna madaktari waliozaliwa yeye akiwa tayari ameshazoea kiti chake, nao humwita dada, naye huitika bila kuona ajabu yoyote.

Chumba chake kiko ghorofa ya chini, kati ya stoo ya mashuka na ofisi ya kumbukumbu. Kina dirisha moja linalotazama mabomba ambako jamaa za wagonjwa hufulia nguo. Siku zile alipewa taipureta ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo herufi yake ya "e" iliruka juu kidogo ya wenzake. Ukifungua faili lolote la miaka ile utazikuta hizo "e" zikichungulia juu ya mstari kama watoto wafupi kwenye umati.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Daktari au muuguzi anaandika kwa mkono, yeye anachapa. Barua za kwenda hospitali kubwa ziliandikwa kwa Kiingereza, maana madaktari wengi wa huko walikuwa wageni. Kwa hiyo mgonjwa alieleza kwa Kiswahili, mhudumu akasikia kwa Kiswahili, karatasi ikasema kwa Kiingereza. Hapo katikati, penye mlango wa kupotea maneno, ndipo dada yetu alipokaa.

Alikuja na cheti cha Kiingereza chenye alama za juu kabisa, na hakukificha. "Nilikuwa naliona kosa la mtu kabla hajainua kalamu," anasema mwenyewe. Alimsahihisha mfamasia, akawasahihisha matabibu, akamsahihisha hata mganga mkuu. Kila mmoja alishukuru, na barua za hospitali yetu zikasifiwa kila zilikofika.

Mwaka wake wa pili ikaja barua ya fundi nguo mmoja mwenye kifafa. Tabibu aliyemwona alikuwa ameandika kwa mwandiko wa haraka: "At noon he stopped to take his tablets, then the fit came." Maana yake ni kwamba adhuhuri fundi alisimamisha kazi ili anywe vidonge vyake, kisha kifafa kikamshika. Dada Taipu alisoma, akatikisa kichwa. Aliona tabibu amekosea, kwamba alitaka kusema mgonjwa ameacha dawa. Si kifafa kimemrudia? Akainyoosha: "At noon he stopped taking his tablets." Akagonga muhuri, barua ikaondoka.

Kitenzi hicho, "stop," ni kimoja, lakini kinachokifuata ndicho kinachoamua. Ukisema "stopped taking," mtu ameacha kutumia. Ukisema "stopped to take," mtu amesitisha jambo jingine ili atumie. Sisi kwa Kiswahili tuna kuacha na tuna kusimama, na hakuna anayeyachanganya. Wenzetu wanatumia neno lilelile na kubadilisha mkia wake tu.

Kule hospitali kubwa daktari alisoma kwamba mgonjwa ameacha dawa. Akamkaripia, akamrudishia vidonge vilevile, kiasi kilekile. Fundi alijitetea, lakini karatasi ilikuwa na muhuri na yeye hakuwa nao. Kumbe tatizo lilikuwa kwamba dawa ile haikumtosha na ilihitaji kubadilishwa. Miezi mitatu baadaye kifafa kilimshika akiwa na pasi ya moto mkononi. Ikamuunguza kiganja chote cha kulia, kile cha kushikia mkasi.

Mkewe alikuja na nakala ya barua. Muuguzi wa huko alikuwa amemtafsiria. Aliingia chumba cha kuchapia bila kubisha hodi.

"Nani ameandika mume wangu ameacha dawa?"

Dada Taipu aliipokea barua, akaisoma. Hakuhitaji kwenda kutafuta faili. Aliikumbuka sentensi hiyo, na aliukumbuka mwandiko wa tabibu kabla yeye hajaugusa.

"Ni mimi, mama."

"Wewe ulimwona ameacha?"

"Sikumwona. Sijapata hata kumwona."

"Basi uliyaandikaje?"

Alichukua karatasi ya tabibu na nakala ya kaboni ya barua yake, akapanda nazo kwa mganga mkuu, mke wa fundi akimfuata nyuma. Angeweza kusema mwandiko haukusomeka, na kila mtu angemwamini, maana mwandiko wa yule tabibu tulikuwa tukiufananisha na nyayo za kuku. Hakusema hivyo. Aliweka karatasi mbili mezani na kueleza alichobadilisha. Barua mpya iliandikwa saa hiyohiyo, dawa ya fundi ikabadilishwa wiki iliyofuata, na Dada Taipu akapewa barua ya onyo. Aliichapa mwenyewe, kwa kuwa mpiga chapa alikuwa yeye peke yake.

Jumamosi alikwenda kwa fundi. Duka lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ghorofa mbili, chenye cherehani mbili na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Fundi alikuwa ameketi, mkono umefungwa bandeji, akimwelekeza mkewe namna ya kupinda ukosi.

"Kaa, binti yangu," fundi alimwambia.

"Sikuja kukaa, baba. Nimekuja kukuomba radhi." Akamweleza yote, neno kwa neno.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Yaani mimi nimesimamisha cherehani ninywe dawa, wewe ukaandika nimeacha dawa."

"Ndiyo, baba."

"Na hicho Kiingereza ulichoandika, kilikuwa kizuri?"

"Kizuri sana."

"Basi hapo ndipo paliponiponza," fundi akasema. "Kingekuwa kibovu, yule daktari angeniuliza."

Dada Taipu anasema maneno hayo yalimwingia kuliko barua ya onyo. Mke wa fundi hakunyanyua macho kutoka kwenye cherehani. Alisema tu kwamba yeye bado hajasamehe, na anayetaka radhi yake aje mkono ukipona. Dada hakungoja upone. Alikwenda kila Jumamosi, wiki saba mfululizo, akishona vifungo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee ya ushonaji aliyoiweza. Wiki ya tano mke wa fundi alimmiminia chai. Mkono ulipona ukiwa na kovu, vidole viwili vikabaki vigumu kidogo, na fundi akarudi kwenye mkasi wake.

Tangu siku ile Dada Taipu hakubadilisha sentensi ya mtu bila kumuuliza mwenyewe. Kosa la herufi alirekebisha, lakini likihusu maana alinyanyua simu, na simu isipopokelewa alinyanyuka yeye. Wapo waliomwona msumbufu. Daktari mmoja, sasa yuko mbali, alikuwa akimwona tu anakuja ukumbini na karatasi, anajifungia maabara.

Jumanne, saa ya chakula cha mchana, alianza kutukalisha chumbani kwake kwa nusu saa. Hakuita darasa. Aliita "kunyoosha maneno." Kila aliyetaka aliingia: wauguzi, madereva, watu wa dobi, mara nyingine mgonjwa aliyechoka kulala. Alianza na kitenzi chake kilekile. Mtu aliyesimama kuzungumza na jirani, "stopped to talk," ana adabu, na mtu aliyeacha kuzungumza na jirani, "stopped talking," ana ugomvi. Mama mmoja wa dobi akauliza mumewe aandikwe vipi, "stopped to help me" au "stopped helping me."

"Inategemea," Dada akamjibu. "Sasa hivi ana ufagio mkononi?"

"Ufagio? Yule?"

"Basi andika 'helping,' mama. Na pole."

Mkuu wetu wa madereva ameniruhusu niseme yake. Alipoomba kazi ya kuendesha gari la wagonjwa alitaka kuwaambia wakubwa kwamba pombe ameshaachana nayo. Akaandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa nzuri: "I stopped to drink five years ago." Dada Taipu alimwita dirishani.

"Hapa unawaambia kwamba miaka mitano iliyopita ulisimama ukanywa."

"Hapana, dada! Nimeacha!"

"Nakuamini. Lakini fomu haijui kuwa umeacha. Fomu inasema ulisimamisha gari."

Akampa fomu mpya na kumtazama akiandika "stopped drinking." Kazi alipata, na katika miaka kumi na tisa hajapata kugonga hata kuku.

Sasa nije kwangu. Mimi ninayeandika haya ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Dada Taipu hajawahi kumsimulia mtu habari hii, na nilipomwomba ruhusa ya kuiandika alikubali kwa sharti moja: niandike na ya fundi nguo, tena nianze na hiyo.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Alikuja daktari bingwa wa upasuaji, mgeni, kwa wiki mbili, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko siku zake. Hakujua Kiswahili. Kwa hiyo kila mgonjwa wa kesho alihitaji nusu ukurasa wa Kiingereza uliochapwa, uwe mezani kwake kabla ya saa kumi jioni. Kitanda cha sita alilala mwalimu wa chekechea, mama wa miaka hamsini na kitu, anayetolewa mawe kwenye nyongo. Mwaka uliotangulia damu ilikuwa imemganda mguuni, akawa anakunywa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Mtu wa namna hiyo hapasuliwi mpaka dawa isimamishwe kwa siku kadhaa, la sivyo damu haikatiki. Alitakiwa awe ameambiwa mapema. Kwa bahati mbaya hakuna aliyemwambia, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kufanya hivyo.

Nilimuuliza kuhusu dawa huku nikimfunga kipimo cha presha. Akanieleza kitu kuhusu kusimama njiani na vidonge vya damu. Niliandika mbiombio: "On the way to hospital she stopped taking her blood tablets." Nikatuma karatasi chini.

Saa tisa simu ya wodi ikalia.

"Mgonjwa wa kitanda cha sita," Dada Taipu akasema, "ameacha dawa, au alisimama kunywa dawa?"

"Nimeandika, dada. Soma tu."

"Nimesoma. Mtu haachi dawa akiwa barabarani, mdogo wangu."

"Dada, nina wagonjwa kumi na wanane huku. Hicho Kiingereza kina kosa?"

"Hakina."

"Basi chapa."

Nikaweka simu chini. Niseme ukweli, sikukasirika kwa sababu ya kazi. Nilikasirika kwa sababu sikuwa na hakika, na sikutaka mtu ajue.

Dakika chache baadaye nilimwona mlangoni, ameshika ukuta, anahema. Goti lake lilikuwa limeshaanza kumsumbua, na ngazi zetu ni arobaini na mbili. Hakuja kwangu. Alikwenda kitanda cha sita, akasalimia, akauliza habari za safari, akauliza watoto wa chekechea amemwachia nani. Kisha ndipo akauliza la dawa.

"Nilimwambia dereva anisubiri," mwalimu akasema, "nikashuka dukani, nikanunua maji, nikanywa vidonge vyangu. Daktari wa mguu alinikataza kuviruka hata siku moja."

"Leo asubuhi?"

"Leo asubuhi."

"Na jana?"

"Jana, juzi, kila siku. Kwani nimekosea?"

"Hujakosea, mwalimu. Umefanya ulivyoambiwa."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, nimeshika sinia la dawa. Mwalimu alikuwa wa kwanza kwenye orodha, saa mbili asubuhi. Nilimwona kichwani mwangu amelala mezani, daktari akiwa na karatasi yangu yenye Kiingereza kisicho na kosa.

Dada Taipu alinivuta pembeni, karibu na kabati la mashuka. Nilitegemea anikaripie. Alinipa karatasi yangu na kalamu yake.

"Andika upya wewe mwenyewe. Kisha nenda kwa daktari na maneno haya mdomoni, usingoje nichape."

"Ataniuliza nani amekosea."

"Atakuuliza amekunywa lini. Hilo ndilo analolitaka."

Nikaandika, "she stopped to take her blood tablets," na chini yake: leo asubuhi, na kila siku kabla ya leo. Alisoma, akanirudishia. "Sasa kimbia," akasema.

Daktari aliniuliza amekunywa lini. Hakuniuliza jingine. Maabara walipima damu jioni ileile wakakuta nyepesi mno, na upasuaji ukaahirishwa. Mwalimu alifanyiwa siku ya nane, akakaa nasi siku nne, akaondoka na mshono mkavu, akilalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari. Kabla hajaondoka nilikaa kitandani kwake nikamwambia nilichokuwa nimeandika. Halafu akaniuliza kama nimeshajifunza tofauti yake, nikamtajia zote mbili, akanisahihisha matamshi.

Yule mgeni alipojua ni nani aliyegundua, alishuka mwenyewe kwenda kumpa mkono. Dada Taipu alimpa mkono, akamwonyesha kiti na kumweleza kwamba barua yake ni ya nne, mbele yake zipo tatu. Daktari akakaa, akangoja.

Miaka mingine ilipita kwa utulivu zaidi. Kompyuta ilipoletwa alikuwa na miaka arobaini na saba, na wapo waliodhani ataomba kuhamishwa. Aliomba kitabu cha maelekezo, akakisoma kutoka jalada hadi jalada, akatuonyesha kwamba ukurasa wa tisa ulikuwa na makosa. Amefundisha wapiga chapa saba, wawili kati yao sasa ni wakuu wa ofisi kwingine. Alitunukiwa cheti cha mfanyakazi bora mara tatu. Aliwalea wapwa zake wawili baada ya dada yake kufariki, akawasomesha, akawaoza, na siku zote hizo hakuwahi kuchelewa kazini zaidi ya mara nne. Hizo nazo anazijua kwa tarehe.

Mwezi uliopita nilikuwa nasaidia wodi ya watoto. Nilimwona daktari mpya, hana hata wiki mbili kwetu, anarudi kitandani na karatasi mkononi, anachuchumaa mbele ya mama wa mgonjwa na kumsomea kwa Kiswahili alichokiandika kwa Kiingereza. Nikamuuliza nani kamwelekeza. Alishangaa. Alidhani ni utaratibu wa hospitali, kwa sababu ameona kila mtu anafanya hivyo. Nilikwenda kutazama kwenye kitabu cha kanuni. Haumo.

Kwa ajili ya makala haya nilimpigia simu mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na saba, ambaye dada yetu anakwenda kukaa naye. Macho yamemwishia nguvu, lakini sauti bado ni ya kuamrisha. Nilimweleza mimi ni nani, na kwamba tunamuaga bintiye baada ya miaka thelathini na minne.

"Mingapi?"

Nikarudia.

"Huyo mtoto aliniaga anakwenda kuwasaidia kwa muda," akasema. "Nami nikamruhusu. Mbona mmekaa naye hivyo?"

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama mwanawe alikuwa mtu mzuri kazini. Nikamwambia kwamba wapo watu wanaotembea barabarani leo, wazima, ambao hawamjui hata kwa sura, na kwamba mimi bado navaa sare ya uuguzi kwa sababu yake. Niliisikia redio nyuma yake, na mtu akifunga dirisha.

"Haya," akasema. "Nirudishieni basi."

Mama, tunakurudishia. Dada Taipu, kwa niaba ya wodi zote, maabara, dobi, madereva na ofisi ya kumbukumbu, asante kwa kila simu uliyotupigia tukiwa na haraka. Goti lako lipone, asubuhi zako ziwe ndefu na zisizo na ngazi, na mama akuzoee tena taratibu. Kaa salama, dada yetu, na uwe na furaha.